Siku sita na ng'ombe wanane wa mjomba

Jumapili, Pugu, kabla ya mapambazuko

Fuso lilifika mnadani saa kumi na moja na robo. Nililisikia kabla sijaliona, kwato zikigonga mbao na utingo akimpigia dereva kelele arudi nyuma taratibu. Lilishuka Mbezi, likapita Kinyerezi na kutokea Banana ili kukwepa foleni ya mjini. Mjomba alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Wote wazima. Yule mwekundu alilala pale Chalinze, tukamwinua kwa mkia."

Ng'ombe akilala ndani ya lori wenzake humkanyaga, ndiyo maana mjomba hakufumba macho tangu Kongwa, kule Dodoma. Alikuja na madume wanane. Tuliwashusha mmoja mmoja kwenye ngazi ya udongo, yeye akihesabu kwa kugusa mgongo wa kila mmoja. Hakutaja namba kwa sauti. Kwetu mali haihesabiwi hadharani, na kumuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi ni kama kumuuliza ana shilingi ngapi mfukoni.

Mimi nauza dawa za mifugo kwenye duka hapa Dar. Kila siku mtu anakuja na picha ya ng'ombe kwenye simu, nampa dawa, anaondoka, na sijui kama yule ng'ombe alipona. Mwaka huu niliomba likizo ya wiki moja nifuate jambo moja tu. Ng'ombe wa mjomba wamevishwa hereni zile za kielektroniki, za sikioni zenye namba ya utambuzi. Nilitaka nione hereni inafika wapi kabla haijapotea.

Kulipopambazuka nilikagua masikio. Sita wana hereni. Wa saba sikio limechanika, mwiba uliinyofoa hereni huko malishoni. Wa nane hana alama yoyote: mjomba alimchukua kwa jirani usiku wa kuamkia safari ili lori lijae. Kibali cha kusafirishia kinasema ng'ombe wanane kutoka Kongwa kwenda Pugu. Kibali ni cha kundi, kinajua idadi tu.

Nilikuwa nimeazima kisomeo cha hereni kwa rafiki yangu daktari wa mifugo. Ni kama fimbo fupi yenye kioo kidogo. Nilikisogeza kwenye sikio la yule mwekundu mwenye baka jeupe pajani, kikalia, na kiooni zikatokea tarakimu 15. Tatu za kwanza ni 834, namba ya Tanzania. Kumi na mbili zilizobaki ni za dume huyo peke yake hapa nchini, na zote kumi na tano kwa pamoja hakuna mwingine duniani anayezibeba. Mjomba alisimama nyuma yangu akatazama muda mrefu.

"Kwa hiyo akiibiwa nitamwona alipo?"

Swali hili naulizwa dukani kila wiki, na nimesikia watu wakiwajibu wafugaji kwamba ndiyo, wataona. Si kweli. Hereni haina betri. Imelala tu mle sikioni mpaka kisomeo kiifikie karibu na kuiamsha, ndipo inataja namba yake basi. Haioneshi ng'ombe aliko. Faida yake yote iko kwenye maandishi: nani alisoma namba, wapi, lini, na akaandika nini. Pasipo mwandishi, ni kitufe cha plastiki.

Jumatatu, mnadani

Pugu ni mnada wa upili. Ng'ombe wakitoka kwenye minada ya awali huko vijijini, au moja kwa moja kwa wafugaji kama mjomba, hufika hapa na kukutana na wafanyabiashara wanaolisha jiji. Kufikia saa tatu zizi lilikuwa limejaa. Nilikaa juu ya uzio saa nne nzima, na asubuhi ile ilinifundisha kuliko kila nilichosoma kuhusu ufuatiliaji wa mifugo.

Mnunuzi anamtazama nani? Anatazama nundu, paja na upana wa mgongo. Anafungua mdomo kuona meno ya mbele mangapi yameshabadilika, apate umri. Anampiga kofi kiunoni aone anavyoondoka. Dalali anashika mkono wake, anaufunika kwa kofia, wanaongea kwa vidole. Hakuna mzani hapo katikati. Sikio halitazamwi na mtu.

Mwekundu aliondoka kwa shilingi 1,450,000. Mfanyabiashara aliyemnunua ni mtu mzima mwenye heshima zake, anachinja ng'ombe watano hadi saba kila usiku. Nilimwuliza kama dume mwenye hereni anamlipia zaidi ya asiye nayo. Alinijibu kwa upole.

"Hereni hailiwi, kijana. Mteja wangu wa bucha hajawahi kuniuliza."

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Mjomba alipowavisha ng'ombe wake mara ya kwanza, hereni ilikuwa shilingi 1,750 kwa kila ng'ombe, na alilipa mwenyewe. Kwa mwenye ng'ombe sitini hiyo ni laki moja na elfu tano. Zoezi lile kwao lilisimama njiani, wengine wakavisha na wengine wakabaki. Mwaka 2025 ikaja kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi, iliyozinduliwa mwezi Juni kule Bariadi, na chanjo ya homa ya mapafu ikawa shilingi 500 kwa ng'ombe kwa ruzuku ya Serikali. Safari hiyo mjomba hakutoa hela ya hereni. Sheria yenyewe ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ni ya mwaka 2010. Kwa hiyo sheria ipo, hereni ipo, na mjomba yumo. Kinachokosekana kilikuwa mbele ya macho yangu pale uzioni: hakuna senti wala neno linalomrudia mjomba kwa sababu ng'ombe wake ana namba.

Jirani yake aliyemtoa dume wa nane alikataa hereni tangu mwanzo. Si mkaidi. Mwaka 2017 walipopiga chapa za moto alipeleka ng'ombe wake wote, na baada ya hapo akaishi na hofu kwamba wamehesabiwa ili siku moja aambiwe apunguze, au atozwe. Mjomba amejaribu kumshawishi akashindwa, kwa sababu jirani anamwuliza swali moja tu: wewe umepata nini? Na mjomba hana jibu.

Mchana makundi yakaanza kuvunjwa. Mfanyabiashara yule alichukua watatu wa mjomba, mwekundu akiwemo. Akaongeza wawili waliotoka Shinyanga na mmoja wa Singida, wakapigwa rangi ya bluu mgongoni, wakawa kundi moja lenye karatasi moja. Wa jirani alinunuliwa na mtu mwingine kabisa na nikampoteza kwenye vumbi. Nilimtafuta kwa macho, sikumwona tena.

Usiku, nikiwa nimelala kwangu Tabata, nilikuwa nikiifikiria Brazil. Wao wana ng'ombe zaidi ya milioni mia mbili na wanauza nyama dunia nzima, lakini tatizo lao ni hilihili la uzio wa Pugu. Karatasi yao ya kusafirishia ng'ombe nayo ni ya kundi. Kampuni za kuchinja zinamkagua mfugaji wa mwisho, yule anayenenepesha na kuuza, zione kama shamba lake halikukatwa msituni. Ndama alizaliwa kwa mwingine, akakulia kwa wa pili, na hao hawaonekani. Ndama aliyetoka penye msitu uliofyekwa kinyume cha sheria anapitishwa kwenye shamba safi, akifika machinjioni anakuwa na jina zuri. Hata mjomba wangu, mtu mwaminifu kuliko wote niwajuao, amefika Pugu na dume wa mtu mwingine ndani ya kibali chake. Hakuna aliyetaka kudanganya. Lori lilikuwa na nafasi.

Tena Brazil ilikuwa na mfumo wa kutambua ng'ombe tangu 2002, uitwao SISBOV. Wafugaji waliotaka kuuzia Ulaya waliingia. Mwaka 2008 Ulaya ilipobana na kutaka orodha ya mashamba yaliyokaguliwa, waliobaki walikuwa wachache mno, kwa kuwa gharama ilikuwa ya uhakika na nyongeza ya bei haikuwa ya uhakika. Uruguay walikwenda njia nyingine. Kuanzia 2006 waliamua kila ndama avishwe, na Serikali ikatoa hereni bure kwa mkubwa na mdogo. Hakuna aliyeachwa nje ya uzio, basi hakukuwa na jirani wa kupitishia ng'ombe. Huo ndio mfano ambao ningependa sisi tuushike, na nasema hivyo nikijua kwamba nchi yao ni ndogo na sisi tuna ng'ombe zaidi ya milioni 36.

Jumanne usiku kuamkia Jumatano, machinjioni

Nilipewa ruhusa kwa sharti kwamba nisipige picha na nisitaje machinjio. Nilivaa koti jeupe na mabuti ya mpira. Mchinjaji alisoma bismillahi, akamaliza kazi kwa mkono mmoja. Mwekundu alikuwa wa nne.

Kichwa ndicho hutangulia. Fundi alikitenganisha, akakiangika kwenye ndoana ukutani pamoja na vingine, ulimi ukining'inia. Sikio la kushoto lilikuwa limelala, hereni imetazama juu. Mwili ukaenda upande wa pili kwenye reli ya juu ukachunwe. Dakika ile niliona jambo ambalo halikuwahi kunijia akilini miaka yote ya kuuza dawa. Namba inabaki na kichwa. Nyama inaondoka bila jina.

Nilisogeza kisomeo kikalia, tarakimu zikawa zilezile za Jumapili. Mafundi wawili waligeuka kunitazama. Mmoja akaniambia kwamba hereni wanazikata na kutupa, maana wanunuzi wa vichwa, wale wa supu, hawazitaki.

Mkaguzi wa nyama alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, kisu chake chembamba kwa kunolewa. Alianza na mashavu. Alichana msuli wa taya mara mbili kila upande, akifunua kama kurasa, akitafuta viputo vya tegu. Hakukuwa na kitu. Akachana tezi za koo. Akaenda kwenye mapafu, akayapapasa yote kwa viganja vyake kabla ya kukata, kwa sababu homa ya mapafu huacha sehemu ngumu ambayo mkono huitambua mapema kuliko jicho. Mapafu ya mwekundu yalikuwa laini, yenye rangi ya waridi. Nilifurahi kama vile ni mtoto wangu amefaulu mtihani.

Kisha ini. Kwa nje lilikuwa na mabaka meupe upande mmoja. Alilikata kwa upana, kisu kikatoa sauti ya mchanga. Mirija ya nyongo ilikuwa imekuwa minene na migumu, na alipoibana kwa kidole gumba wakatoka minyoo bapa, kama majani madogo ya kahawia, mmoja bado anajikunja. Alinionesha bila kusema neno. Ini lote likaenda kwenye pipa la vitu vilivyokataliwa.

Aliandika kwenye daftari kubwa: tarehe, ini moja, minyoo, na jina la mwenye ng'ombe. Jina aliloandika lilikuwa la yule mfanyabiashara wa Pugu. Nilimwuliza kama naweza kumtajia namba ya hereni aiandike pembeni. Alinikubalia, akaiandika, lakini akaniambia safu ya namba haimo katika daftari lao na hakuna atakayeisoma.

"Usiku mmoja nakataa maini kumi, kumi na mawili," alisema. "Nawaza kila siku, huko yalikotoka wanajua?"

Hawajui. Miaka nenda rudi daftari hizi zinajazwa, na mfugaji aliyeuza ng'ombe hakuwahi kusikia hata neno moja kuhusu ini lake. Yeye anaona tu kwamba ng'ombe hawanenepi, anakuja dukani kwangu, nami nambashiria dawa.

Muhuri ukagongwa kwenye mapaja na mabega ya mwekundu. Muhuri unasema nyama imekaguliwa na inafaa kuliwa, basi. Nilitoka nje saa kumi na moja, adhana ikisikika upande wa Vingunguti.

Jumatano

Mvua tangu asubuhi. Nililala. Mjomba alikwenda Kariakoo kumnunulia shangazi kitenge.

Alhamisi, bucha, Buguruni

Paja la mwekundu nililifuata mpaka kwenye bucha ya rafiki yangu. Lilining'inia mlangoni, muhuri wa zambarau umeanza kufifia kwa unyevu. Kilo ilikuwa shilingi 12,000. Mama mmoja alinunua nusu kilo ya mchanganyiko, akaomba aongezewe mfupa. Alichouliza ni kama nyama ni ya leo.

Kwa hiyo yule mfanyabiashara alisema kweli, mteja haulizi. Lakini mwenye bucha alinikumbusha kwamba uko wakati wateja waliuliza. Mwanzoni mwa 2007 homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata na watu, ilipoingia nchini, Dodoma ndiko ilikoumiza watu wengi zaidi, na huku Dar watu wakaacha nyama ya ng'ombe. Bucha zilifungwa, kuku na samaki wakapanda bei. Baba yake alikaa na nyama ikaoza, wakati ng'ombe wake walitoka kusiko na ugonjwa. Angethibitishaje? Alikuwa na muhuri tu, kama wenzake wote. Aliyefuga penye ugonjwa na aliyefuga penye usalama waliadhibiwa pamoja, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kuwatenganisha.

Nilikaa pale hadi adhuhuri nikifikiri juu ya vyeti. Huko duniani masharti yanaongezeka. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kila mahali ng'ombe alipofugwa pajulikane kwa ramani, na ardhi isiwe imefyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Botswana, ambao wameuza Ulaya kwa miaka mingi, waliwahi kuwamezesha ng'ombe wao vidonge vya kauri vyenye namba, vikae tumboni visinyofolewe na miiba, kisha baadaye wakahamia hereni. Sisi nyama yetu ya nje inakwenda zaidi nchi za Ghuba, na iliyo nyingi tunaila wenyewe. Ndiyo maana naona ni kosa kumweleza mfugaji habari ya soko la Ulaya kama sababu ya hereni. Soko hilo haliko mlangoni kwake. Ini lipo.

Ijumaa, Mbezi, kituo cha mabasi

Mjomba aliondoka na basi la saa tatu. Tulifika mapema, tukakaa na chai na chapati. Hapo ndipo nilipomweleza habari ya ini, kwa sababu nilitaka nimwambie tukiwa tumetulia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwaka huu nimewapeleka bwawani mapema, nyasi za juu ziliisha. Wanasimama majini mchana kutwa."

Ndiyo hivyo. Minyoo ile haiambukizi ng'ombe kwa ng'ombe. Mayai hutoka na kinyesi, yakikutana na maji huangua, humwingia konokono wa majini, kisha hutoka na kujishikiza kwenye nyasi za ukingoni ambazo ng'ombe mwenye njaa atazila. Nilimwuliza amewanywesha nini. Albendazole, akasema, ileile niliyomuuzia mimi. Ikanichoma, kwa sababu albendazole huua minyoo ya ini iliyokomaa tu, ile michanga inayotafuna ini kwa ndani inabaki. Nilikuwa nimekuja na triclabendazole kwenye mfuko, inayoua na ile michanga, dozi za kuanzia ng'ombe ishirini, nikamwandikia kipimo kwa uzito na siku za kusubiri kabla ya kuuza au kukamua. Nikamwomba awazuie bwawani kipindi hiki, awachotee maji kwenye hori hata kama ni kazi.

"Mali bila daftari huisha bila habari," alisema. Alinyamaza kidogo, akaongeza: "Hizi siku zote daftari lilikuwepo, mjomba. Liko huku kwenu."

Akatoa daftari lake la mistari, lile analoandika michango ya misiba na madeni ya pumba, akanipa kalamu. Alitaka namba za wote sita, na mbele ya kila moja aandikwe aliyenunua na kilichoonekana. Mbele ya mwekundu niliandika: mapafu mazuri, ini minyoo. Kwa wawili waliochinjwa naye nilijaza kama mkaguzi alivyonisomea, mmoja ini lilikuwa zima na mwingine lilikatwa upande. Watatu waliobaki nikaacha wazi, wako kwa wanunuzi wengine na nimeahidi kuwafuatilia wiki ijayo. Yule wa sikio lililochanika nilimwandika kwa rangi.

"Na wa jirani?"

Nilimwambia ukweli. Sikumwona tena baada ya saa sita za mchana wa Jumatatu. Anaweza kuwa ameshaliwa. Walikunywa bwawa moja na hawa wetu, lakini ini lake hakuna wa kutwambia.

Kondakta alikuwa ameanza kuita wa Dodoma. Mjomba alichukua kalamu, akaandika mwenyewe jina la jirani kwenye mstari wa nane, herufi kubwakubwa, na mbele yake akachora mstari mtupu. Akafunga daftari, akalitia ndani ya kitenge cha shangazi lisilowe.

"Hili nitampelekea nyumbani kwake leo leo," alisema, akapanda.